Baridi ya Molo na Mama Mkwe

Bora niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Zakaria, maana yeye huisimulia kwa kuitia chumvi mpaka hailiki tena. Mimi ndiye yule karani wa stoo aliyeangukia mikononi mwa mama mkwe wake akiwa hana suruali, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, katika nchi ya watu. Nimeshasema. Aliyetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize, kwa sababu jambo lenyewe halikuanza na suruali. Lilianza na kunyamaza kwangu, tena kunyamaza kwa muda mfupi sana, kama wa mtu kumeza mate.

Kwanza mnijue nilivyo. Shuleni sikukaa sana, mengi nimejifundisha mwenyewe kwa mwanga wa kibatari, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana maradhi yake: kila siku hujiona yuko kwenye mtihani. Stoo ya mgodi pale Geita mimi hupanga misumari mpaka vichwa vyote vitazame upande mmoja (wachimbaji wakija kuchukua huikoroga kwa makusudi ili wanione nikihangaika), na nikimwamkia mtu asubuhi kwa sauti isiyokuwa sawasawa, mchana kutwa nairudia ile salamu kichwani nikijiuliza ameichukuliaje. Kijana wa umri wangu anapaswa kuwa na wasiwasi wa mambo makubwa. Mimi nina wasiwasi wa yote.

Sasa, vioo vya taa vilikuwa vikifika stoo vimefungwa kwa kurasa za magazeti ya Ulaya, nami nilikuwa nazinyoosha kurasa zile nikizisoma moja moja wakati wa chakula. Siku moja nikaona picha ya bwana na bibi wamevaa makoti mazito, wamesimama mbele ya nyumba ya mbao, chini kote ni theluji, mikononi wana vikombe vinavyofuka moshi, na wanatazamana kama watu wasiodaiwa kitu na dunia. Maneno ya chini yalisema (nilitumia kamusi yangu iliyochanika, herufi za mwisho hazimo, lakini nikaelewa) kwamba kila majira ya baridi ni vizuri mtu na mkewe waende mahali wao wawili, watoto wabaki nyumbani. Hata bwana mkubwa wetu wa mgodi alikuwa akifanya hivyo, anaondoka na mkewe, watoto wanabaki na yaya. Nikaona kumbe ndivyo wafanyavyo watu waliokamilika. Nikaibeba ile picha nyumbani.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa akisonga ugali, Dotto yuko mgongoni, Kulwa amening'inia kwenye kanga yake analia kwa sababu isiyojulikana. Aliitazama picha akauliza, "Na watoto wao wako wapi?"

"Wamewaacha."

"Wote?"

"Wote."

Akageuza mwiko. Kisha akasema, si kwa kulalamika, alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Baba Kulwa, tangu hawa wazaliwe sijala ugali ukiwa bado wa moto. Sijakaa mahali mtu asiniite mama."

Mapacha walikuwa na miaka mitatu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata mara moja, mimi ninayefikiria vichwa vya misumari. Nikamwambia, "Nitakupeleka."

"Wapi?"

"Kwenye baridi."

"Mtu anatoka nyumbani kwenda kuitafuta baridi?" Akacheka. Lakini ile picha hakunirudishia. Baadaye niliiona ameiweka chini ya godoro, imenyooshwa vizuri. Nikajua ahadi imeshapokelewa. Siku chache tu, sisi wawili, na asiwepo wa kuita mama.

Baridi ya karibu ninayoweza kuilipia nauli ilikuwa Kenya, huko Molo, ambako rafiki yangu Zakaria, Mnyamwezi tuliyefanya naye kazi mgodini, alikuwa nyapara kwenye shamba la kondoo na pareto. Yeye alizoea kujisifu kwamba mwezi wa saba asubuhi majani huwa meupe na maji ya ndoo huota ganda. Nikaomba livu, yaani likizo, nikapewa. Nikanunua kabuti mbili za jeshi kutoka kwa askari waliorudi vitani, nikazifua, nikaviondoa vifungo vyote na kuvishona upya ili viwe mstari mmoja. Tukakubaliana watoto tukawaache kwa wazazi wake Shinyanga, kwa hiyo tukatoka Geita kwa lori mpaka Mwanza, tukapanda treni kwenda Shinyanga, ili kesho yake tupande treni ile ile kurudi Mwanza tukachukue meli. (Ndiyo, najua. Mpango ule niliuona mzuri sana.)

Baba mkwe, Mzee Masanja, tulimkuta mbele ya nyumba anasokota kamba ya katani. Alikuwa ametoka shambani kung'oa masalia ya pamba tangu alfajiri, mikono imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Tukaamkiana. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, nasi sote tulijua yuko pale. Kwa asiyejua mila zetu Wasukuma: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na mimi kwa heshima hiyo nilikuwa na sifa mtaa mzima. Niliwahi kukaa kwenye miiba kwa sababu tu mama mkwe alisimama njiani kuzungumza na jirani.

"Safari ya wapi?" akauliza mzee.

"Kenya, baba."

"Kenya kuna nini?"

Hotuba yangu ilikuwa tayari, nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Ilikuwa na mfano wa mashine, kwamba hata mashine ya mgodini huzimwa ikapoa. Nikaanza, "Mama Kulwa..."

"Ana nini?"

"Anahitaji..."

"Anahitaji nini?"

Neno lilikuwa *kupumzika*. Lilifika kwenye meno. Halafu nikaiona ile mikono yake, na kamba, na jasho lililokauka likawa chumvi shingoni, nikajiona mimi nimesimama pale na viatu vilivyopakwa dawa, namwambia mzee huyu kwamba namvusha bintiye ziwa ili akakae. Nikainamisha kichwa nikanyamaza.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwetu, mwanamume akiulizwa na mkwewe habari za mkewe, akainama asijibu, amekwisha kujibu: ni ugonjwa wa kike, na ugonjwa wa kike wanaume hawautaji mbele ya wakwe. Mzee akaiweka kamba chini.

"Basi usiseme, mwanangu," akaniambia kwa upole uliotaka kuniua. "Nimeelewa. Umefanya vizuri kumpeleka mbali."

Nyuma ya ukuta pakasikika kikohozi. Kisha sauti ya mama mkwe, ambaye hawezi kuzungumza nami moja kwa moja, ikawaambia kuku waliokuwa wakidonoa mlangoni, "Nyie kuku, mwambieni huyo aliyekuja kwamba mtoto wa mtu hapelekwi hospitali ya ng'ambo na mwanamume peke yake. Atamshika nani? Mimi nitakwenda naye."

Mama Kulwa akatokea kisimani na mtungi kichwani, hajui hili wala lile, mama yake akatoka mbio akamtua mtungi, akamkalisha, akaanza kumpapasa tumbo. Mke wangu akanitazama kutoka ng'ambo ya ua. Baadaye kidogo alinikuta nyuma ya ghala.

"Umewaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Hicho kitu ambacho hukuwaambia ni kipi?"

Nikamweleza. Akafumba macho.

"Nenda ukamwambie baba sasa hivi."

"Ameshatuma mtu kumwita shangazi yako aje kukaa na watoto. Mama yako ameshafunga dawa. Nitalirekebisha kabla ya stesheni. Wewe je, huwezi kumwambia mama yako?"

"Nimwambie mume wangu amemdanganya baba? Nikishasema hivyo, wewe utarudi tena kwenye ua huu?" Akajifunga kanga vizuri. "Umelifunga mwenyewe, ulifungue mwenyewe. Lakini ile ahadi yangu bado naidai."

Stesheni ikafika sijasema. Nikajiambia nitasema Mwanza.

Kwenye treni ya daraja la tatu mama mkwe alikaa na bintiye upande mmoja, na kwa kuwa hakukuwa na nafasi ambayo asingeniona, alijifunika kanga kichwa kizima, akakaa hivyo njia yote kama mzigo ulioachwa na mwenyewe. Mimi nikasimama mlangoni karibu na choo. Kila nilipojaribu kusogea kumnong'oneza mke wangu, ile kanga ilitikisika, nami nikarudi chooni. Abiria mmoja aliniuliza kwa huruma kama tumbo linanisumbua.

Melini ndiyo ikawa balaa. Mama mkwe alikuwa amebeba mizizi ya kuchemsha na kibuyu cha dawa chungu kuliko talaka, na kila baada ya muda anamnywesha bintiye, na bintiye, ambaye alipanda meli akiwa mzima kuliko nahodha, akaanza kutapika, kwa dawa au kwa mawimbi sijui, na kila alivyotapika ndivyo mama alivyozidi kusadiki, na alivyozidi kusadiki ndivyo alivyoongeza dawa. Wanawake wa sitahani wakakusanyika. Mmoja akatoa limau, mwingine akaomba dua, mwingine akasema dada yake alianza hivyo hivyo na mwezi haukuisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sitaha nyuma ya marobota ya ngozi, nawachungulia.

"Wewe nguzo," mama mkwe akaiambia nguzo ya meli kwa sauti ya kunifikia, "mwambie mwenye mke kwamba hali si nzuri."

Mama Kulwa akainua uso kutoka kwenye beseni akanitazama. Nimetazamwa na mabwana wakubwa wa mgodi, nimetazamwa na fisi njiani kutoka Buseresere, lakini sijatazamwa hivyo.

Tulipofika Kisumu nikajitia moyo. Palikuwa na robota kubwa la magunia bandarini, na nilijua mama mkwe amesimama upande wake wa pili na mizigo, basi nikaligeuzia mgongo kama heshima inavyotaka, nikaliambia robota, "Wewe robota, mwambie mama kwamba binti yake si mgonjwa. Hakuwa mgonjwa hata siku moja. Mimi ndiye niliyekosa, naomba anisamehe." Nilisema yote bila kukwama, nikahisi kifua kimekuwa chepesi.

"Nitamwambia," sauti nzito ya kiume ikajibu. Nikachungulia. Alikuwa mchukuzi amekaa anakula ndizi. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia stesheni zamani.

Molo tulifika mchana, ukungu umelala mpaka kwenye paa la stesheni, na baridi hiyo, jamani, si ya kupungiwa na upepo tu, ni baridi inayoingia mfukoni ikakaa. Zakaria alikuwa amekuja na mkokoteni wa ng'ombe, amevaa kofia ya manyoya, anatabasamu. Akatuhesabu. Akanivuta kando.

"Nilitegemea wawili. Yule mama ni nani?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe wako wewe?"

"Wangu."

"Karani," akasema, "umekuja kustarehe na mkeo, ukamleta mama mkwe ashike taa?" Na kwa kuwa Mnyamwezi anazijua mila zetu kama anavyojua zake, hakuhitaji maelezo zaidi, alikaa juu ya mzigo wetu akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Nilimweleza yote nikimwomba anyamaze. Akaapa kunyamaza, lakini usoni mwake kicheko kilikuwa kinaendelea peke yake.

Alikuwa ametuandalia nyumba, na ilikuwa nyumba nzuri, naweza kuililia hata leo: chumba kimoja cha mbao, kitanda chenye mablanketi mazito, jiko la mawe linalowaka kuni, na dirisha la kutazamia kilima chenye kondoo. Chumba kimoja. Moto mmoja. Paa moja. Mama mkwe aliingia, akaukaribia moto, akasema, "Wabeja," yaani asante, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitoa sauti ya raha tangu Shinyanga. Nisingeweza kumtoa hata kwa bunduki, wala nisingeweza kuingia.

"Kwangu tumelala watano chumba kimoja," Zakaria akasema. "Lipo banda la kondoo. Kondoo hawana ukwe na mtu."

Basi niliyekuja kwa ajili ya baridi niliipata yote, bila kugawana na mtu. Nililala na kondoo. Mchana nilikuwa nikitembea kwenye ukungu na kabuti yangu yenye vifungo vilivyonyooka, nanuka manyoya, nikisubiri mke wangu atoke nje tuonane penye ukuta kama watoto wanaoibiana mapera.

"Umesema?" ananiuliza.

"Bado natafuta maneno."

"Tafuta upesi. Jana amenichua tumbo kwa mafuta ya kondoo. Kila dakika ananiita jina langu la usichana, 'Kabula mwanangu, lala, Kabula mwanangu, kunywa.' Nilitaka mahali pasipo mtu wa kuita mama. Sasa mwenyewe ndiye naita mama kutwa."

Alitaka kukasirika, nikaona, lakini alinitazama nilivyokuwa nikitetemeka, na vipande vya nyasi kwenye nywele, akaniondolea kimoja kimoja. Hiyo ndiyo starehe yote niliyoipata Molo.

Asubuhi moja mama mkwe akatoka nje akauambia mti, "Wewe mti, uliza: tumekuja hospitali au tumekuja kulinda kondoo?" Hapakuwa na njia tena. Shamba lilikuwa na zahanati yake, chumba kimoja chenye baraza ya saruji, mlangoni pazia la magunia yaliyoshonwa, barazani benchi refu limejaa wafanyakazi na watoto wao wanakohoa. Tukaenda. Mama mkwe na bintiye mbele, mimi nyuma kabisa kwa umbali wa heshima, na ardhi ilikuwa inanipanda na kunishuka. Nilidhani ni aibu. Kumbe ilikuwa homa. Malaria niliyoibeba kutoka Geita ilikuwa imeipenda ile baridi ya bandani ikaamka.

Dresa, ndiye mtibabu wa zahanati ile, alikuwa mtu mzima mwenye miwani na haraka. Akachungulia foleni, akaona wanawake wawili waliosimama wima na kijana mmoja anayegonganisha meno kama cherehani.

"Wewe, ingia."

"Mgonjwa si mimi," nikasema.

"Wote husema hivyo." Akanigusa paji la uso, akanivuta ndani. Nikasikia mama mkwe huko nje anaiambia nguzo kwamba mgonjwa ni binti, si mume, lakini dresa hakuwa na mazoea ya kujibu maneno yanayoambiwa nguzo.

"Sindano. Fungua mkanda, geuka."

"Mzee, tafadhali, mkononi."

"Hii ni ya makalioni."

"Mama mkwe wangu yuko pale nje, nyuma ya pazia hili."

"Hapa hakuna mkwe," dresa akasema. "Hapa kuna makalio ya wagonjwa tu. Geuka."

Niligeuka. Nilifanya hesabu zangu za kawaida, kwamba pazia ni zito, kwamba mama mkwe kwa heshima yake atakuwa ametazama kwingine, kwamba itakuwa mara moja tu. Suruali ikashuka. Sindano ikaingia. Sijui kama ni uchungu au homa au zile siku zote za kulala na kondoo, lakini chumba kikazunguka, nikanyoosha mkono nishike kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa pazia.

Lilikuja lote, na ufito wake. Mimi na pazia tukatoka barazani pamoja, kinyumenyume, suruali imenifunga vifundo kama ng'ombe aliyefungwa kukamuliwa. Kisogo changu kilikuwa kinaelekea kwenye kona ya saruji, na aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na kona ile, alikuwa mama mkwe. Angekuwa na nafasi ya kufikiri mila angegeuka. Hakuwa nayo. Alinyoosha mikono miwili akanidaka.

Sote tukabaki hivyo hivyo. Uso wangu uko chini ya uso wake, namwona, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ndoa namtazama mama mkwe machoni (ana macho kama ya mke wangu, nilikuwa sijui), na mengine yote ya kwangu yako hewani yanapigwa na ukungu wa Molo. Mtoto mmoja alikuwa anakohoa, akaacha.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu sana. Mama Kulwa alikuwa anacheka. Alicheka akishika ukuta, akacheka akainama, machozi yakamtoka, na foleni nayo ikaachia. Mama mkwe akanitua chini taratibu kama mtungi, akanitupia pazia la magunia, akajifunika kanga usoni, lakini kwa kuchelewa sana.

Dresa akatoka na miwani upande. "Na wewe mama unayecheka," akasema, "unaumwa nini?"

"Siumwi kitu," mke wangu akajibu, bado anafuta macho. "Nilikuwa nimechoka, mume wangu akanileta huku nipumzike. Baba akadhani naumwa, na mume wangu akaona haya kumwambia. Basi."

Nilikuwa chini ya magunia. Nikawaza niendelee kukaa humo mpaka watu wote wahame nchi. Lakini nikakumbuka alivyoniambia nyuma ya ghala, kwamba nililifunga mwenyewe, na sasa alikuwa amenifungulia yeye mbele ya watu, bila kusema nimedanganya. Nikatoa kichwa. "Ni kweli, mama," nikasema, safari hii bila robota wala nguzo, maana cha kufichana kilikuwa hakipo tena. "Nilipaswa kusema siku ile ile."

Mama mkwe akairekebisha kanga yake usoni. Akitoka pale akasema hanitaki, ndoa yetu ingekuwa na kidonda cha milele, mke angekuwa mtu wa kuchagua ua wa baba au wa mume. Hatimaye aliuliza, hakuiuliza nguzo, alimuuliza bintiye, "Kupumzika kutoka wapi?"

"Kwa watoto, mama."

"Watoto wawili tu?"

"Wawili."

"Mimi nimezaa tisa," mama mkwe akasema polepole, "na hakuna aliyewahi kunivusha hata mto wa Manonga." Akafikiri tena. "Chumba kile kina moto mzuri. Kuni zake hazina moshi." Akamshika bintiye mkono wakaondoka.

Mimi nikabakizwa zahanati, kwenye kitanda cha kamba nyuma ya ile meza ya sindano, mpaka homa itulie. Na wao? Zakaria alikuwa akiniletea habari kila jioni, nami nililala namsikiliza kama mtu anayesomewa gazeti la nchi nyingine. Mkeo leo ameamka jua limeshapanda. Mama mkwe leo amevaa kabuti yako, amekwenda kutazama majani meupe, ameyagusa, amesema ni chumvi isiyokolea. Leo wamechoma nyama ya kondoo wakala polepole kama wazee wa baraza, hakuna aliyeinuka. Leo nimewapita dirishani, wamekaa mbele ya moto, miguu wameinyoosha, hawasemi kitu.

"Hawasemi kitu kabisa?"

"Kabisa. Wanatazama tu moto. Mkeo anatabasamu."

Kile nilichokiahidi kilitimia chote, isipokuwa mimi sikuwemo.

Tuliporudi Shinyanga nilimkabili Mzee Masanja kabla sijaweka mzigo chini. Nikatozwa mbuzi kwa kuvunja heshima ya mama mkwe, nikaona amenihurumia. Alipokwisha kuniambia habari ya mbuzi akaniuliza, "Lakini kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona haya, baba."

"Haya ya neno gani?"

"Kupumzika."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta sehemu iliyobaki. "Ndilo hilo tu?" akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimepumzika, nasokota kamba."

Mwaka huu ukungu wa kipupwe ulipoanza, kuku wa Shinyanga walitumwa kuniuliza livu yangu ni lini. Nimetoa jibu: mapacha watabaki Geita na mimi, mke wangu na mama yake waende wawili. Juzi nimewasindikiza kwenye lori. Majirani wakamzunguka Mama Kulwa, nami nikajikunyata nyuma yao nikisubiri.

"Mama Kulwa, safari ya wapi tena?"

"Kenya, na mama."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Tunakwenda kukaa tu."

"Haya, mkae vizuri," wakasema, wakageukia habari ya bei ya samaki.

Hakuna aliyeuliza la pili. Lori lilipokwisha kupotea bado nilikuwa nimesimama pale. Nimeapa kwamba mkwe akiniuliza jambo, nitamjibu kabla hajafunga mdomo, hata kama jibu lenyewe ni la kijinga. Jibu la kijinga ukilitoa watu hulicheka mara moja likapita. Ukilificha kifuani, hukata tiketi likasafiri nawe.